Kinanda kinakatakata? Weka bisbisi chini kwanza

Kinanda kilichokufa kabisa hakinipi shida. Fundi anakifungua, anakiona kilichoungua, mnaelewana bei. Kinachotesa ni kile kinachomeza noti za wimbo usiku wa harusi, bi harusi keshakaa, halafu asubuhi ukikifikisha kwa fundi kinaimba kama kimetoka dukani jana. "Mbona kizima hiki?" Na nauli ya kwenda Darajani imeshakwenda.

Napiga kinanda cha umeme kwenye taarabu hapa Unguja, na wenzangu wakikwama huniletea vyao. Ninalowaambia ni moja: ubovu wa kuja na kuondoka usiutafute kwa kufungua, tafuta kwanza unafuatana na nini. Chukua karatasi uandike. Kilikuwa kimewaka muda gani? Umeme ulikuwa wa nyumbani au wa jenereta? Sauti ilikuwa juu? Kuna mtu aliyegusa waya?

Anza na umeme, kwa sababu ndio mwepesi kuuhukumu. Vinanda vingi vya mkononi vina nafasi ya betri kubwa za tochi. Zitie, chomoa adapta, upige jioni nzima. Ubovu ukitoweka, kosa liko kwenye njia ya umeme. Tatizo ni adapta au tundu lake. Soma kilichoandikwa mgongoni mwa adapta: volti ziwe zile zile kinanda kinazotaka, ampea zisipungue, na alama ya chanya na hasi ifanane. Adapta yenye ampea chache ni mnafiki. Ukipiga polepole inakustahi, ukipandisha sauti na besi ikaingia, kinanda kinazima na kuwaka chenyewe. Kama adapta ni sahihi, tikisa plagi yake kidogo pale inapoingia kwenye kinanda. Taa zikipepesa, mara nyingi lehemu ya tundu imepasuka kwa ndani. Kuilehemu upya ni kazi ndogo.

Uwanjani ndiko kuna vituko. Spika, taa za jukwaa na friji ya soda, vyote kwenye ekstensheni moja ndefu inayotoka kwenye jenereta. Wanaokumbuka kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokaa bila umeme, wanajua majenereta tulivyoyazoea, lakini kuyazoea si kuyaamini. Omba kinanda kipate waya wake peke yake.

Vitufe sasa. Chini ya kila kitufe kinachojua nguvu ya kidole huwa kuna migusano miwili, mmoja unatangulia mwingine. Kinanda kinapima muda uliopita baina yake ndipo kijue umegonga kwa nguvu au umepapasa. Mmoja ukichafuka, noti inanyamaza, au inapiga ukelele wakati umeigusa tu. Kwa hiyo orodhesha vitufe vinavyosumbua. Vikiwa viwili vitatu vimetawanyika, shuku uchafu na unyevu, hasa wakati wa masika. Vikiwa vinarudi kwa nafasi zilizolingana, au kipande kizima kimenyamaza, huo ni waya mpana uliolegea au njia iliyokatika kwenye bodi. Hapo kusugua migusano hakutasaidia kitu.

Ukilazimika kufungua, chomoa umeme na utoe betri. Ukiinua utepe wa mpira utaona vidonge vyeusi, na chini yake kwenye bodi michoro myeusi inayovikabili. Nimeshakuta hapo unywele, sisimizi waliokauka, na ukungu mweupe wa chumvi. Pamba ya masikioni na spiriti ya isopropili vinatosha, kwa mkono mwepesi. Usikwangue, ule weusi ndio unaopitisha umeme. Petroli na mafuta ya kupuliza bawaba visikaribie kabisa. Acha pakauke vizuri, kisha vinyonyo vinavyoushika ule utepe wa mpira virudi vyote kwenye matundu yake. Kimoja kikibaki juu, utadhani umezidisha ubovu.

Mengine ni ya haraka. Spika zikikata, ingiza na kutoa plagi ya hedifoni mara kadhaa, swichi ya ndani hukwama. Pedali ikifanya kinyume, pengine uliikanyaga wakati unawasha. Zima, ondoa mguu, washa tena.

Na kuna "ubovu" wa kwetu sisi wa taarabu. Vinanda vya Kiarabu vina vibonyezo vya robo toni, yaani vya kushusha noti kwa nusu ya nusu toni. Ukishusha noti za Mi na Si kwa ajili ya rasti, moja ya maqamu za Kiarabu, ukasahau kuzirudisha, wimbo unaofuata utasikika umepinda, na kesho ukiwasha upya huenda kila kitu kimekaa sawa. Nimeshaletewa kinanda cha namna hiyo kikisemwa kimeingia maji.

Ukishindwa, nenda kwa fundi na ile karatasi, pamoja na video ya simu inayoonyesha kinanda kikikata. Na adapta yake uichukue. Wengi huiacha nyumbani.