Pampu ipo, mbona akina mama wanarudi bwawani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni nesi Mtanzania, najitolea kijiji kimoja nje ya Tamale, kaskazini mwa Ghana. Hapa kuna kisima cha pampu ya mkono na kinatoa maji vizuri tu, ila akina mama wengi wanakipita wanaenda kuchota bwawani, lile lile wanalonywea ng'ombe, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Nimewaelezea habari za kuhara mpaka nimechoka, nifanyeje?
Nesi, Tamale

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwaelezee tena, sasa waulize wao. Nenda jikoni ukae na mmoja anapika. Nahisi atakwambia maji ya pampu yana ladha ya chuma, nguo nyeupe zinatoka na madoa ya kutu, chai inakuwa nyeusi tii, na ule ugali wao wa tuo zaafi unabadilika rangi mpaka watoto wanaususa. Mama aliyeshasusiwa chakula hawezi kurudia maji yale, na mimi simlaumu hata kidogo.

Sehemu nyingi za Afrika Magharibi maji ya ardhini yana uchachu, na mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yakizamishwa humo yanaliwa taratibu. Kupima ni rahisi. Amka alfajiri kabla mtu hajagusa pampu, jaza chupa nyeupe ya plastiki maji ya kwanza kabisa, halafu watu wachote kama kawaida nusu saa nzima bila kupumzika ndo ujaze ya pili. Ya kwanza ikiwa nyekundu na ya pili safi, basi kutu ni ya mabomba, mwambieni fundi wa wilaya atoe yale ya chuma aweke ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Zote zikiwa nyekundu hapo chuma kinatoka ardhini kwenyewe, itabidi kujenga chujio la mchanga.

Wakati mnasubiri, maji ya bwawani yatulizwe kwa shabu, yakishatakata ndo yachemshwe au yatiwe klorini, maana klorini kwenye tope inaishia kwenye tope. Kitambaa cha kuchujia peke yake hakitoshi, kinazuia vile viroboto maji vinavyobeba mnyoo wa Guinea lakini vijidudu vya kuhara vinapita. Huo mnyoo wazee wa hapo wanaujua vizuri, Savelugu hapo jirani ulilipuka 2007 maji yalipokosekana watu wakarudi mabwawani, ndo Ghana ikapambana mpaka mgonjwa wa mwisho 2010, na 2015 Shirika la Afya Duniani likaitangaza haina tena.

Chupa hizo mbili zikiwa tayari niandikie zina rangi gani, na uniambie pia yule mama wa jikoni alisemaje.