Maswali ya Wasomaji: Mistari yenye ukungu, leseni, na watumiaji wanaodai

SWALI: Habari za kazi ndugu. Natengeneza tuli (zana) ya kuchora chati na ramani za mawazo ndani ya brauza, natumia kanvasi (eneo la kuchorea kwa pikseli ndani ya ukurasa). Kwenye kompyuta yangu mistari iko safi ila kwenye simu inaonekana ina ukungu, halafu maumbo yakiwa mengi na ukivuta moja inakwama kwama. Rafiki mmoja kaniambia hamia SVG (michoro ya maumbo na mistari), mwingine anasema WebGL (kuchora kwa chipu ya michoro) ndo mpango mzima. Nimsikilize nani? – Developa anayeanza

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kabla hujahama popote ondoa kwanza huo ukungu, maana hata ukikaa hapo hapo unatibika. Kanvasi ina saizi mbili na wengi wanajua moja tu, kuna saizi ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) ambayo ndo unayoiona kwenye ukurasa na kuna idadi ya pikseli zake za ndani, ambayo usipoigusa inakuja 300 kwa 150. Sasa kwenye simu nyingi pikseli moja ya CSS kwa upana ni pikseli 2 au 3 halisi za kioo, kwa hiyo kanvasi yako yenye pikseli 400 inavutwa ijaze nafasi ya 1200 na zilizopungua brauza inazikadiria, ndo ukungu wenyewe huo. Soma devicePixelRatio (namba ya brauza inayosema pikseli moja ya CSS ni pikseli ngapi halisi), zidisha upana na urefu wa ndani kwa namba hiyo, saizi ya CSS iache ilivyo, kisha ita scale (amri ya kukuza mchoro) kwa namba hiyo hiyo ili hesabu zako nyingine zisibadilike.

Na hata kwenye kioo cha kawaida kuna hili: ukichora mstari wa wima wenye unene 1 pale x ni 10, nusu yake inaangukia pikseli ya kushoto na nusu ya kulia, matokeo yake unapata mstari mnene wa kijivu badala ya mwembamba mweusi. Usogeze hadi 10.5 uone unavyokaa vizuri.

Kukwama sasa. Kioo cha 60 Hz (picha 60 kwa sekunde) kinakupa kama milisekunde 16.7 kwa fremu, yaani kwa kila picha, na nina uhakika kiasi kwamba wewe unachora kila kitu upya kila kipanya kikisogea. Usichore ndani ya tukio la kipanya, weka alama tu kwamba kuna kilichobadilika kisha uache requestAnimationFrame (brauza inakuita ikiwa tayari kwa fremu inayofuata) ichore mara moja kwa fremu. Pia weka kanvasi mbili zinazolaliana, ya chini vitu vilivyotulia na ya juu kile kinachovutwa tu. Hii peke yake inaokoa tuli nyingi mno, inaniuma nikiona mtu anaandika mradi upya wote kwa sababu hakupima kwanza.

Kuhusu marafiki zako, mimi kwa ramani za mawazo ningeenda SVG. Ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2001, na kila umbo ndani yake ni elementi kamili, unaibonyeza, unaipaka rangi kwa CSS, unaipa jina ambalo msomaji wa skrini wa mtu asiyeona anaweza kulitamka, na mtumiaji anahifadhi faili anaenda kulihariri kwenye programu ya kuchora ya Inkscape. Mamia ya maumbo haina shida, ikifika maelfu mengi yanayocheza kwa pamoja ndo inaanza kulemewa. Kanvasi, ambayo Apple waliileta mwaka 2004, ikishachora inasahau, so kujua mtu kabonyeza umbo gani ni hesabu yako mwenyewe. WebGL (toleo la 1.0 lilitoka 2011) ina nguvu kweli ila inajua pointi, mistari na pembetatu basi, maandishi unajitafutia na hata mstari mnene hauna uhakika nao kila mashine. Ya nini mateso hayo kwa chati?

SWALI: Kodi ya programu yangu nimeiweka hadharani kila mtu anaiona, leseni sijaweka. Si tayari ni chanzo huria (open source)?

JIBU: Hapana, bado. Bila leseni hakimiliki yote ni yako, watu wanaiona ila hawana ruhusa ya kuinakili wala kuibadilisha, na anayejua sheria ataipita mbali. Ukitaka itumike popote weka leseni ya MIT, ndo wanayotumia three.js (laibrari ya michoro ya 3D), inadai tu tamko la hakimiliki na leseni vibaki. Ukitaka anayeisambaza akiwa ameibadilisha naye atoe chanzo chake, weka leseni ya GPL, kama Blender (programu ya michoro ya 3D). Amua mapema, maana watu wakishachangia, kila mmoja ana haki kwenye kipande chake na kubadili leseni inabidi uwaombe.

SWALI: Laibrari yangu ya michoro imependwa, nashukuru, ila ishu (malalamiko na maombi ya watumiaji) zinamiminika, wengine lugha chafu, na kuna mtu katuma kodi ndefu inaongeza uhuishaji ambao sikuuomba. Nimechoka dada, nifute kila kitu?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, uchovu huo ni wa kweli. Ila usifute. Machi 2016 kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 tu kiliondolewa npm (ghala la vifurushi vya JavaScript) na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka. Ukitaka kupumzika, funga hazina ya kodi yako ibaki ya kusomwa tu na uandike juu kabisa kwamba haiendelezwi.

Kama bado unaipenda, andika kwenye README (faili la maelezo ya mradi) mambo ambayo laibrari HAIFANYI. Huyo wa uhuishaji mshukuru, mkatalie leo leo, usimwache akisubiri miezi, kwa sababu kodi ukiipokea matatizo yake yote ni yako hata yeye akishaondoka. Kama unaweza, mwachie sehemu ya kuchomeka programu-jalizi ajenge huko kwake. Wa lugha chafu funga ishu bila kubishana, kama leseni yako ni MIT, inasema wazi kitu kinatolewa kilivyo bila dhamana.

Kwenye ishu za kweli omba mfano mdogo kabisa unaoonyesha tatizo, picha ya skrini, brauza na toleo lake, na aina ya GPU (chipu ya michoro). Usimjibu mtu "kwangu inafanya kazi", michoro inategemea sana draiva (programu inayoendesha GPU), kitu kinaweza kuwa safi kwako na kwake kikatoa weusi mtupu. Na yule anayekutumia marekebisho madogo madogo yaliyotulia, bila kelele, mwombe muwe mnapitia ishu pamoja, mara nyingi anasubiri tu kuulizwa.