Maswali yenu ya mafao kazini: ndoa, mtoto, talaka na msiba

Mwezi huu mmeniandikia wengi na karibu wote mnauliza kitu kilekile kwa sura tofauti, yaani nyumbani mambo yamebadilika ila makaratasi ya ofisini yamebaki vilevile tangu siku ulipoajiriwa. Nimechagua machache. Kabla hujaniandikia tena soma na majibu ya wenzako tafadhali, nusu ya maswali yanayobaki yanakuwa yameshajibiwa humo humo.

Swali: Nimeolewa Desemba, niko kazini hapa Mwanza. Mume wangu anataka nitumie jina lake kazini. Nianzie HR (ofisi ya utumishi) au NIDA (vitambulisho vya taifa)?

Jibu: Hongera sana mdogo wangu. Anza kwa kujiuliza kama mwenyewe unataka, maana hakuna sheria Tanzania inayomlazimisha mwanamke kubadili jina akiolewa, hayo ni mazoea tu. Ukiamua kubadili basi badilisha kotekote, NIDA, TIN ya kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii kama NSSF, benki, bima, na uwe na hati ya kiapo inayounganisha majina ya vyeti vya shule na hilo jina jipya. Balaa ni kubadili nusunusu. Nimemwona mama anastaafu, michango yake ya mwanzo iko kwa jina la baba yake, ya katikati iko kwa jina la mume, kitambulisho cha taifa nacho kimeachwa herufi moja, basi kila akienda anaambiwa mama lete kiapo, lete barua ya mwajiri, na mwajiri mwenyewe alishafunga kampuni zamani. Ungekuwa umetoka tumbo moja na mimi ningekwambia baki na jina lako.

Halafu kuna kitu hujauliza na ndicho cha maana kuliko jina. Umemwandikisha mumeo kwenye bima? Umebadili fomu ya mrithi ya SACCOS na ile ya bima ya maisha ya ofisi? Kaifanye wiki hii.

Swali: Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Baba anapewa siku ngapi?

Jibu: Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni siku 3, na uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ukizikalia zinapita. Siku 3 ni kichekesho kwa mwanaume anayetaka kulea, nimeshasema na nitaendelea kusema mpaka wabunge wachoke, ila kwa sasa weka akiba ya likizo yako ya mwaka uziunganishe.

Swali: Naishi na mwenzangu mwaka wa sita, tuna watoto wawili, mahari nilitoa kwao na picha zipo. HR anakataa kumuweka kwenye bima ya afya anasema lete cheti cha ndoa. Nasikia ukikaa na mtu miaka miwili tayari ni ndoa?

Jibu: Hili swali nalijibu kila mara na bado linarudi. Hiyo miaka miwili ni kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinasema mkiishi pamoja miaka miwili na watu wanawajua kama mke na mume basi mahakama inaweza kuchukulia kwamba ni ndoa, na hata hapo mtu anaweza kuleta ushahidi wa kuipinga. Ni mahakama kaka, siyo HR na siyo dirisha la bima. Afisa utumishi hana mamlaka ya kukufungisha ndoa kwa picha za mahari. Nendeni bomani, au kwa sheikh au mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa, tangazo linakaa siku 21, mnapata cheti mnaendelea na maisha. Hela ya ukumbi haihusiki kabisa hapa, mnaoniambia "tunasubiri mpaka tufanye sherehe nzuri" mnawacheleweshea wake zenu matibabu kwa sababu ya pilau na mziki.

Watoto lakini hawasubiri ndoa yenu. Cheti cha kuzaliwa chenye jina lako kinatosha, waingize sasa hivi. Na kama hawana vyeti, kuandikisha mtoto RITA, ofisi ya serikali ya vyeti vya vizazi na vifo, ndani ya siku 90 ni kazi rahisi, ukipitisha hapo maelezo yanaongezeka.

Swali: Mimi na mke wangu tuliachana 2019, yeye alirudi kwao Tanga. Sasa hivi nina mwenza mwingine na tuna mtoto. Nawezaje kumtoa yule wa kwanza kwenye bima na NSSF kimyakimya bila ugomvi?

Jibu: Kimyakimya haipo. Nikuulize, mliachana au mlitengana? Maana hujaniandikia popote neno mahakama. Kama mlifunga ndoa yenye cheti na hakuna hukumu ya talaka basi yule wa Tanga ni mkeo leo, ni mkeo kesho, na ukifariki atakuja na cheti chake mkononi akiwa na haki zote za mjane, huku huyo uliyenaye anayekupikia na kukuuguza atakaa upande mmoja na kanga yake hana karatasi hata moja. Na kama ndoa ya kwanza ilikuwa ya mke mmoja ndiyo mbaya zaidi, huwezi hata kumuoa huyu wa pili kihalali mpaka ile ivunjwe.

Njia ni moja. Unaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata au la dini yenu, likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, unaenda nayo mahakamani. Waislamu msikae mkidhani talaka ya mdomo inamaliza kila kitu, ofisini hawawezi kufungua faili kwa maneno uliyosema sebuleni, ipitie barazani na mahakamani upate karatasi. Ukishapata hiyo hukumu piga nakala, peleka HR, peleka kwenye bima, peleka NSSF, na kila mahali dai wakugongee mhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Watoto wa yule mama hawatoki kwenye bima kwa sababu wewe na mama yao mmegombana. Najua hujauliza. Nimeshaona baba anamfuta mtoto kwenye kadi kumkomoa mama, mtoto anakamatwa na malaria anapelekwa hospitali wanaambiwa kadi haisomi. Usifanye hivyo.

Swali: Fomu ya mrithi ya SACCOS nilijaza zamani nikaandika mama. Mama alishafariki. Je ina shida?

Jibu: Ina shida kubwa mno na ninyi mko maelfu.

Niliwahi kufungua jalada la mfanyakazi aliyefariki ghafla. Picha ya pasipoti ya kijana mwembamba, shati la mikono mirefu limemzidi, fomu kajaza kwa kalamu ya bluu: mrithi, mama mzazi, asilimia 100. Mjane wake kakaa mbele yangu na bahasha ya kaki, watoto watatu, mdogo bado ananyonya, na mama aliyeandikwa pale alishazikwa siku nyingi. Baada ya hapo wadogo wa marehemu wakasema kwa kuwa hela ni ya mama basi ni ya watoto wa mama, yaani wao. Ilienda mahakamani na ikachukua muda, ada za shule zikasimama. Mtu mwenyewe alikuwa mpole anaipenda familia yake, hakuna aliyewahi kumwambia njoo ubadilishe karatasi na yeye hakukumbuka.

Kabadilishe. Andika majina kamili kama yalivyo kwenye vyeti, siyo "Mama Junior". Gawa asilimia. Kwa mtoto chini ya miaka 18 andika na nani atamshikia. Na waajiri mnaosoma hapa, mnashindwa nini kupitisha fomu mpya kila Januari? Mnaitisha watu kusaini sera ya usafi wa jikoni.

Swali: Nina bima ya afya ya NHIF ya kazini. Nafasi za wategemezi ni nne, mimi nina watoto watatu, mama yangu, na wakwe wawili. Nani atoke? Mke wangu anasema nikimtoa mama yake hatutaelewana.

Jibu: Kwanza mke wako anafanya kazi? Kama na yeye anachangia basi ana nafasi zake, gawaneni, watoto wakae upande mmoja na wazazi upande wa pili na hakuna anayetoka. Hili tu lingetatua nusu ya ugomvi wa nyumba za watumishi.

Kama ni wewe peke yako, watoto kwanza, nafasi ya nne mpe mzazi anayeumwa zaidi, presha au sukari, bila kuangalia ni mama wa nani, na wale waliobaki watafutieni bima ya kujilipia. Mkae mezani mhesabu gharama za dawa za kila mzazi kwa mwezi, namba zinapunguza kelele. Na mtoto akivuka umri, jina lake haliondoki likajijaza la mwingine, unajaza fomu wewe mwenyewe.

Onyo. Usimwandikishe mtoto wa dada yako kama wako kwa cheti cha kutengeneza. Najua ni mtoto unayemlea na roho yako safi, lakini hiyo inaitwa kughushi na mtu anapoteza kazi na kushitakiwa juu. Kama umemchukua kweli kaasili kisheria, ustawi wa jamii wapo.

Swali: Nilijifungua, mtoto akafariki akiwa na wiki tano. Bosi ananiambia kwa kuwa hakuna wa kunyonyesha nirudi kazini. Ni sawa?

Jibu: Pole sana mama. Pole kutoka moyoni.

Siyo sawa. Likizo ya uzazi ni siku 84 za malipo, 100 kama ni mapacha au zaidi, na ni ya mwanamke aliyejifungua, mwili wako ndio uliozaa na ndio unaopona. Ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua sheria hairuhusu hata urudi mpaka daktari athibitishe kwamba unaweza. Tena iko hivi, kwa kawaida likizo hiyo inahesabiwa mara moja kwenye mzunguko wa miezi 36, lakini mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, sheria inakupa siku 84 nyingine za malipo ndani ya mzunguko huohuo ukijaliwa tena. Hilo waajiri wengi hawalijui au wanajifanya hawalijui. Mwandikie bosi wako barua fupi, ambatanisha karatasi ya hospitali, usibishane naye kwa simu. Akikufukuza au akikukata mshahara nenda CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, na uende ndani ya siku 30 tangu akufukuze, usikae nyumbani ukilia mpaka muda uishe.

Na kama unachangia NSSF, kuna fao la uzazi tofauti kabisa na mshahara wa mwajiri, wanaangalia uwe na michango ya miezi 36 na 12 kati yake iwe ya karibuni kabla ya kujifungua. Kaulize tawini, mpe mume au ndugu akusindikize.

Swali: Mimi Mtanzania niko Columbus, Ohio, nafanya kazi kwenye ghala. Mke amejifungua wiki tano zilizopita, tulikuwa tunasubiri namba ya Social Security ya mtoto ndiyo tumuingize kwenye bima ya kazini. HR anasema nimechelewa. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, huko mtoto akizaliwa sheria inakupa angalau siku 30 za kumuingiza kwenye bima ya kazini na inahesabika tangu siku aliyozaliwa. Wiki tano ni siku 35. Hiyo namba ilikuwa inapelekwa baadaye, mngejaza fomu na karatasi ya hospitali. Omba kwa maandishi kitabu cha mpango wenu maana baadhi ya mipango inatoa siku zaidi ya 30. Wakikataa, kwenye soko la bima la serikali mtoto mpya anakupa siku 60, kwa hiyo bado mna wiki tatu na siku chache, leo jioni kaeni na kompyuta. Na kama kipato ni kidogo omba Medicaid au CHIP, hizo bima za afya za serikali hazina msimu.

Ukiwa hapohapo angalia nani yuko kwenye bima yako ya maisha na 401(k), yaani akiba ya kustaafu ya kazini. Kuna kesi ya Egelhoff, Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua 2001. Bwana alikuwa mfanyakazi wa Boeing jimbo la Washington, wakatalikiana na mkewe 1994, miezi kama miwili baadaye akafa kwa ajali ya gari hajabadili fomu. Jimbo lilikuwa na sheria kwamba talaka inamfuta mwenza wa zamani, watoto wake wakaitegemea hiyo, Mahakama ikasema sheria ya jimbo haigusi mpango wa mwajiri, fomu ndiyo inafuatwa. Hela ikabaki kwa mtalaka.

Swali: Mume wangu amefariki kazini kiwandani. Shemeji kaja kuchukua kadi ya benki na vyeti anasema yeye ndiye atafuatilia mafao.

Jibu: Pole dada yangu. Usimpe kadi. Na wewe mwenyewe usiitumie kutoa hela, waambie benki mwenye akaunti amefariki.

Vyeti halisi viweke kwako, toa nakala tu. Ifuatilie cheti cha kifo RITA mapema. Ukoo ukikaa kikao uwepo na usome muhtasari kabla ya kusaini, na jua kwamba anayependekezwa na kikao hana nguvu mpaka mahakama imthibitishe kuwa msimamizi wa mirathi, na wewe mjane unaweza kuomba usimamizi huo. Msimamizi hapewi mali, anakusanya na kugawa na anatoa hesabu mahakamani.

Kuna milango mitatu usichanganye. Mwajiri ana mshahara uliobaki, likizo ambayo hakuichukua na bima ya maisha kama ipo. NSSF wana mafao ya warithi. Na kwa kuwa amefia kazini kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ambao unalipa wategemezi na hauondoi haki yako NSSF. Muulize mwajiri leo kama ametoa taarifa ya ajali WCF, aoneshe karatasi.

Swali: Je nikimwambia HR kwa WhatsApp kwamba nimepata mtoto inatosha?

Jibu: Haitoshi. Jaza fomu.