Wasomaji Wauliza: Mtaji, Dhamana na Kiti cha Mkurugenzi

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kampuni changa ya programu za kompyuta. Kila ninapokutana na wawekezaji huulizwa nitafanya nini soko likianguka, washindani wakiniiga au wateja wakinihama. Mwenzangu wa kiume, ambaye biashara yake ni ya aina hiyo hiyo, huulizwa anatarajia kukua kwa kasi gani. Je, ninajitia shaka bure?

JIBU: Hujitii shaka bure, dada yangu. Watafiti walioongozwa na Dana Kanze waliyachambua mahojiano ya wawekezaji na waanzilishi wa kampuni changa katika shindano moja lililofanyika New York, wakakuta kwamba asilimia 67 ya maswali waliyoulizwa wanaume yalihusu ukuaji na mafanikio, ilhali asilimia 66 ya yale waliyoulizwa wanawake yalihusu hasara na namna ya kujikinga nayo. Wawekezaji wa kike nao waliuliza vivyo hivyo, kwa hiyo usitarajie kwamba kumpata mwanamke upande wa pili wa meza kutakumalizia tatizo.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba mwanzilishi aliyeulizwa juu ya hatari, kisha akajibu kwa kueleza ukuaji, alielekea kupata mtaji mkubwa kuliko yule aliyebaki kujitetea. Basi ukiulizwa utawazuiaje wateja wasikuhame, taja kwa ufupi kinga uliyo nayo, kisha ueleze ukubwa wa soko na sehemu unayokusudia kuichukua. Sisemi ukwepe swali. Mwekezaji ana haki ya kujua fedha zake zinaweza kupotea vipi, lakini hana haki ya kukufanya utumie muda wako wote ukimhesabia njia za kufilisika.

SWALI: Mhariri, biashara ni biashara, na soko halimuulizi mtu jinsia yake. Kwa nini basi magazeti yanawatengea wanawake wafanyabiashara sifa za peke yao, hasa hizi za "ujasiri"?

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu sifa za ujasiri tuko pamoja. Zimerudiwa mno, na hazimfundishi mtu namna ya kupata mtaji. Lakini kwamba soko halimuulizi mtu jinsia yake, hilo historia inalikataa. Nchini Marekani, hadi sheria ya mwaka 1988 ilipopitishwa, yalikuwapo majimbo ambamo mwanamke aliyetaka mkopo wa biashara angeweza kudaiwa sahihi ya ndugu wa kiume. Muriel Siebert, mfanyabiashara wa hisa, alipoomba kununua kiti katika Soko la Hisa la New York, yaani uanachama unaompa mtu haki ya kununua na kuuza hisa humo, wanaume tisa kati ya kumi wa kwanza aliowaendea ili wamdhamini walikataa. Soko nalo lilimtaka alete kwanza barua ya benki ya kuthibitisha mkopo wa dola 300,000, huku mabenki yakisema yatakopesha akishakubaliwa na soko! Alikipata kiti hicho Desemba 1967, kwa bei ya dola 445,000, na kwa takriban miaka kumi alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa wanachama zaidi ya 1,300.

Maisha ya watu kama yeye yana manufaa pale tunapochunguza walivyokivuka kizingiti cha dhamana. Mchukue Kiran Mazumdar-Shaw wa India, aliyesomea utengenezaji wa bia nchini Australia, kisha akaambiwa kwao kwamba kazi hiyo ni ya wanaume. Mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 25, alianzisha kampuni ya Biocon mjini Bangalore ndani ya gereji ya nyumba aliyoipanga, kwa mtaji wa rupia 10,000. Mabenki yalisita, kwa sababu alikuwa kijana, mwanamke, na biashara yenyewe haikujulikana. Hata hivyo alikuwa na mshirika, kampuni ya Ireland, na bidhaa ambayo viwanda vya nje viliihitaji tayari, yaani vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali), kikiwemo kile kinachotokana na papai na kutumika kuisafisha bia ibaki angavu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye somo: mkopeshaji asiyekuamini wewe anaweza kumwamini mnunuzi wako. Tafuta mnunuzi kwanza, umwombe mkataba wa maandishi, ndipo uende benki.

Na ili usidhani naomba huruma, nitaongeza kwamba sifa bila ukaguzi ni hatari. Elizabeth Holmes, aliyeanzisha Theranos mwaka 2003, alishangiliwa kwa miaka mingi kama kielelezo cha kizazi kipya, ilhali mashine zake za kupima damu hazikuweza kufanya aliyoyaahidi. Januari 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Hesabu za mwanamke zikaguliwe sawasawa na za mwanamume, bila kuzidishiwa na bila kupunguziwa.

SWALI: Mimi sina nyumba ya kuweka rehani wala elimu kubwa. Hao unaowataja wote ni wasomi. Je, kuna mfano unaonihusu?

JIBU: Upo, mama. Mwaka 1974 huko Ahmedabad, India, wanawake 4,000 waliokuwa wakijiajiri katika kazi ndogo ndogo, wakiwa wanachama wa chama cha SEWA kilichoasisiwa na Ela Bhatt, walichanga rupia 10 kila mmoja wakafungua benki yao ya ushirika. Wengi wao hawakujua kuandika, na ndiyo maana picha ya mwanachama ikatumika kumtambulisha. Anza na akiba ya pamoja yenye katiba iliyoandikwa na daftari ambalo kila mwanachama anaruhusiwa kulikagua, kwani kumbukumbu safi za marejesho ndizo zitakazokusemea mbele ya mkopeshaji mkubwa.

SWALI: Nimepewa nafasi ya kuongoza idara ambayo imepata hasara kwa muda mrefu, na waliotangulia wameondoka. Wenzangu wananipongeza, lakini mimi nahisi nimetegwa. Nikubali?

JIBU: Hisia yako ina msingi. Mwaka 2005 Michelle Ryan na Alexander Haslam, wa Chuo Kikuu cha Exeter, walionyesha kwamba makampuni makubwa ya Uingereza yaliyowateua wanawake kwenye bodi yalielekea kuwa yamefanya vibaya katika miezi iliyotangulia uteuzi. Hata hivyo, nafasi ya namna hiyo si lazima imshinde aliyeipokea. Anne Mulcahy alishika ukurugenzi mtendaji wa Xerox, watengenezaji wa mashine za kunakili, mwaka 2001, kampuni ikiwa imeelemewa na madeni ya mabilioni ya dola na vitabu vyake vya hesabu vikichunguzwa na serikali. Washauri walimwelekeza kwenye njia ya kufilisika, naye akaikataa. Kwa kuwa alikulia katika mauzo na hakusomea fedha, alimwomba mfanyakazi wa idara ya hazina amfundishe kuisoma mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Alipunguza gharama kwa ukali, ila bajeti ya utafiti aliilinda. Mwaka 2009 alimkabidhi Ursula Burns kampuni inayojiendesha, naye Burns akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kampuni ya ukubwa huo nchini Marekani.

Kwa hiyo kabla ya kujibu omba hesabu za idara za miaka mitatu, na utafute mtu wa kukusaidia kuzisoma iwapo hukuzisomea. Uliza kama utakuwa na mamlaka ya kuajiri, kuhamisha watu na kupanga matumizi, utapimwa kwa kigezo gani, na baada ya muda gani. Majibu hayo yaingizwe kwenye barua ya uteuzi. Wakikuonyesha hesabu lakini wakakunyima mamlaka, waeleze kwamba uko tayari kuendelea na kazi yako ya sasa.