Kiputo kwenye myeyusho wa polima: mbona programu inakufa?

Swali: Habari mtaalamu. Nasoma shahada ya uzamili. Naiga kwa kompyuta, kwa 2D, kiputo cha hewa kinachopanda kwenye maji yenye poliakrilamaidi (polima ya minyororo mirefu), nikitumia OpenFOAM, programu ya kuiga mitiririko, na Oldroyd-B, modeli ya majimaji yanayonyumbuka. Namba ya Deborah (muda ambao polima huchukua kulegea, ukigawanywa kwa muda wa mtiririko) ikiwa 0.5 mambo ni shwari. Nikiipandisha hadi 3, mkazo chini ya kiputo unapaa na programu inakufa. Nilipokaza gridi, yaani kufanya seli za kukokotolea ziwe ndogo zaidi, ikafa mapema zaidi. Nikaze tena?

Jibu: Hapana, gridi iache kwanza. Huo ni ugonjwa wa tangu miaka ya 1970, na kukaza gridi pekee hakujawahi kuuponya.

Kila hatua ya muda, chapisha thamani-aigeni ndogo kuliko zote ya tensa ya umbo la polima. Tensa hiyo ni jedwali la namba linaloonyesha minyororo imevutika kiasi gani na kuelekea wapi, na thamani-aigeni zake hupima mvutiko kwenye mielekeo mikuu. Kimaumbile thamani hiyo haiwezi kuwa hasi. Nadhani utaikuta imeshavuka sifuri kabla programu haijafa. Sababu ni kwamba minyororo ya polima inapovutwa, mkazo hukua kwa kipeo, na kanuni za kawaida za kukadiria kati ya seli moja na nyingine haziwezi kuufuata ukuaji huo.

Mwaka 2004 Fattal na Kupferman walikuja na njia ya kukokotoa logi (logarithimu) ya tensa badala ya tensa yenyewe. Ukuaji wa kipeo unageuka kuwa wa mstari, na ukirudi kutoka kwenye logi, thamani-aigeni zote ni chanya, utake usitake. Huna haja ya kuandika msimbo upya: rheoTool, inayokaa juu ya OpenFOAM, inayo njia hiyo. Basilisk, programu nyingine ya kuiga mitiririko, nayo pia.

Lakini programu kutokufa si sawa na jibu kuwa sahihi, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Oldroyd-B huichukulia polima kama springi isiyo na kikomo cha kuvutika. Kasi ya mvutano ikizidishwa kwa muda wa kulegea wa polima ikafika 0.5, mkazo tulivu wa modeli hauna ukomo. Nyuma ya kiputo majimaji yanavutwa kama mlenda, kwa hiyo kilele cha mkazo pale kitaendelea kupanda kila ukikaza gridi. Isitoshe, poliakrilamaidi hupungua mnato inapokorogwa kwa kasi, ilhali mnato wa Oldroyd-B haubadiliki. Hamia modeli zisizo na kasoro hizo mbili, yaani Giesekus, PTT au FENE-P, na vigezo vyake uvipate kwenye vipimo vya reomita (kifaa cha kupima mnato na mnyumbuko), usivikisie.

Kisha linganisha na maabara. Mwaka 1965 Astarita na Apuzzo waliona kiputo kikizidi ujazo fulani, kasi yake inaruka ghafla. Mwaka 1979 Hassager alieleza jinsi majimaji ya nyuma yanavyokimbilia chini badala ya kukifuata kiputo. Kama modeli yako haionyeshi hata mkondo huo wa kinyume, usianze kuandika tasnifu.

Suala la 2D: kiputo cha 2D bapa ni silinda, si kiputo. Tumia ulinganifu wa kuzunguka mhimili, ila ujue nao una mpaka. Liu, Liao na Joseph walionyesha mwaka 1995 kwamba ncha ya mkia inaweza kuwa kali ukiitazama upande mmoja na pana upande mwingine, kama makali ya patasi. Umbo hilo linadai 3D kamili. Na hapo ukigawa upana wa seli kwa 2, seli zinaongezeka mara 8, huku mvutano wa uso ukilazimisha hatua ya muda ipungue karibu mara 2.8. Omba nafasi kwenye kompyuta kubwa ya chuo mapema.