Usizing'oe hizo mbaazi za Babati, mbegu si mbovu

Mkuu, umeuliza kama umetapeliwa: mbaazi ulizonunua Babati na za kwenu Lindi ulizipanda siku moja mwezi Januari, sasa Juni imeingia, za kwenu zimejaa maua ya njano na za Babati ni majani matupu. Hujatapeliwa. Yalinikuta hayo hayo Nachingwea, nikang'oa nusu shamba kwa hasira. Mistari niliyoiacha ilichanua Agosti.

Mbaazi husubiri usiku urefuke. Majani ndiyo yanayopima, kisha hupeleka ishara kwenye ncha za matawi ili zitoe vitumba. Ila mbegu hazipimi sawasawa, na tofauti hiyo imo kwenye jeni. Kwenye mtama, watafiti Quinby na Karper walionyesha mwaka 1945 huko Texas, Marekani, kwamba jeni tatu tu zinabadilisha sana muda wa kuchanua. Mbaazi ina la ziada, joto. Hizi za nyanda za juu kama Babati, zinazochukua muda mrefu kukomaa, zimezoea ubaridi. Ukizishusha pwani huchelewa hata kama usiku umesharefuka. Za kwenu zimechaguliwa na bibi zetu kwenye joto hilo hilo, msimu baada ya msimu, na mimi naiheshimu sana kazi yao.

Kuchelewa kwenyewe kusingekuwa tatizo kama kungekuwa na unyevu. Agosti udongo wangu ulikuwa umeshakauka, maganda mengi yakatoka mapepe. Kwa hiyo vuna utakachopata, ule, usiweke mbegu.

Sasa angalia vizuri hizo za kwenu. Hazichanui siku moja, sivyo? Mimi niliona mmea mmoja karibu na kichuguu umetangulia wenzake kwa wiki mbili, nikaufunga kitambaa chekundu, nikatunza mbegu zake peke yake. Msimu uliofuata watoto wake wakatoka mchanganyiko: wengine mapema kama mama, wengine nyuma kabisa. Ni nyuki. Wanabeba chavua kutoka mmea hadi mmea, na mbaazi hupokea.

Mwaka uliofuata nikachagua tena waliotangulia, safari hii nikavifunika vitumba kwa kipande cha chandarua kikuukuu kabla havijafunguka, nikafunga chini kwa kamba ya katani. Mbaazi hujichavusha yenyewe humo ndani, maganda yakashika bila shida. Hapo ndipo mstari mzima ulipoanza kuchanua karibu pamoja. Anza na miti mitano tu, na vitambaa uvifunge wiki hii, kabla maua ya kwanza hayajapukutika.