Kutoka Kabale hadi Gulu: bustani niliyolazimika kuianza upya

Dada yangu, umesema ulihamia Adjumani, kaskazini mwa Uganda, mwezi wa kumi na moja ukitoka Fort Portal kule magharibi, ukapanda kabichi, viazi mbatata na dania, na vyote vimeharibika ingawa unamwagilia kila siku. Unauliza kama udongo wa huko ni mbaya. Udongo hauna kosa, na wewe pia huna kosa. Nilipita hapo hapo mume wangu alipohamishiwa kazi Gulu, kaskazini pia, nikaondoka kwetu Kabale, kusini-magharibi, na gunia la mbegu za viazi.

Viazi vile viliota vizuri mno. Majani yalijaa, marefu na ya kijani, nikajisifu kwa majirani. Baada ya miezi mitatu nikafukua shina la kwanza, nikapata viazi vitano vya ukubwa wa gololi. La pili vilevile. Nilikaa chini pale shambani nikalia, maana mbegu ile alinipa mama.

Kilichonifumbua macho ni kiganja changu. Saa tatu usiku nilishika tuta, nikakuta bado lina joto kama ukuta wa jiko. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Gulu karibu 1,100, na huko kwenu Adjumani ni chini zaidi. Kwetu Kabale usiku unajifunika blanketi mbili. Kiazi mbatata hutunga vizuri usiku ukiwa wa baridi; usiku ukizidi nyuzi 20 hivi, mmea huweka nguvu kwenye majani. Nyanya nayo hudondosha maua kukiwa na joto la usiku. Dania hukimbilia kutoa maua kabla hujachuma hata mara mbili. Maji hayaponyi hilo.

Halafu kuna kalenda. Sisi wa kusini na magharibi tumezoea misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kaskazini mvua huanza Aprili hivi ikaenda hadi Oktoba, ikipungua kidogo katikati, kisha kiangazi kirefu. Wewe umepanda mlangoni mwa kiangazi. Mvua moja ya Machi isikudanganye: mwaka wangu wa pili nilihamishia miche yote shambani baada ya mvua moja kubwa, jua likawaka siku kumi na mbili, nikabaki na vijiti.

Bibi jirani ndiye aliyenipa mbegu za kuanzia, akazifunga kwenye kona ya leso: kunde za majani ambazo Waacholi, wenyeji wa Gulu, huita boo, mlenda wanaouita otigo, na malakwang, mboga ya majani yenye uchachu. Boo nilianza kuchuma kabla hata mwezi haujaisha. Malakwang ukiipika kwa odii, ule mchanganyiko wa karanga na ufuta uliosagwa, watoto watasahau kabichi. Ongeza bamia, biringanya, mbaazi kando ya ua, na viazi vitamu. Sukuma wiki inakubali ukiipa kivuli cha mchana.

Matuta pia yanabadilika. Kabale tunayainua ili maji yatoke. Wakati wa kiangazi mimi huchimba kitanda kishuke chini ya usawa wa ardhi kama kiganja kimoja, nachanganya samadi ya mbuzi iliyooza, ili kila tone la jerikani libaki pale kwenye mizizi. Mwagilia alfajiri. Matandazo ni lazima, ila ujue mchwa. Nilifunika kwa nyasi kavu, wiki mbili baadaye nikainua nikakuta vichuguu vya udongo na nyasi nusu imeliwa, na miche imekatwa shingoni. Sasa naweka safu nyembamba tu, naiinua mara kwa mara, na siisogezi hadi kwenye shina.

Kwa hiyo Januari hii usipande kabichi tena. Chimba vitanda viwili karibu na mahali unapoogeshea watoto, uvijaze samadi, uvimwagilie taratibu, upande boo kwenye kimoja uwe na mboga ya nyumbani. Mwisho wa Februari tengeneza kitalu cha biringanya chini ya mwembe. Mbegu za otigo waulize akina mama sokoni, na uwaulize pia huko kwenu wanazipanda mwezi gani, kwa sababu Adjumani sijawahi kulima.